Spidomita inadanganya? Hesabu meno kabla ya kununua saa

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwajibu wenye pikapu za zamani wanaolalamika kwamba wakishavalisha tairi kubwa kwa ajili ya mchanga wa Sikonge na Urambo, spidomita huanza kudanganya. Wengi wao huishia kuuziwa saa nzima ya dashibodi. Saa haina kosa. Tazameni kile kigia kidogo ubavuni mwa giaboksi, pale inapoanzia kebo ya kwenda kwenye spidomita.

Zamani hakikukaa hapo. Spidomita ya sumaku, aliyoiandikishia hataza Otto Schulze wa Ujerumani mwaka 1902, inataka kebo izunguke sawasawa na mwendo wa gari, basi. Ford Model T na wenzake walichukua mzunguko huo gurudumu la mbele: gia pana ilifungwa kwenye gurudumu, na kigia kikashikizwa jirani yake, peupe kwenye vumbi na tope. Beringi ikilegea, gurudumu linacheza. Meno yanaachana na kurukana, au yanabanana hadi yanakatika. Tena kila dereva akikata kona, kebo nayo inapindwa.

Dawa ikawa kuhamishia kazi hiyo nyuma ya giaboksi. Shafti inayotoka ilichongwa hesi kama ya skrubu, nayo inazungusha kigia chenye meno ya mshazari, vyote ndani ya mafuta. Kwetu mafundi, uzuri hasa ni kwamba kigia hicho huchomolewa bila kushusha giaboksi, kwa hiyo uwiano unaweza kurekebishwa tairi likibadilika.

Hesabu yake si ngumu. Tia alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, sukuma gari likiwa na mzigo wa kawaida hadi tairi limalize mzunguko mmoja, pima chini kwa futi kamba. Tuseme la zamani lilitembea mita 2.35, jipya 2.46, na kigia kina meno 20. Zidisha 20 kwa 2.35, gawa kwa 2.46: unapata 19.1. Tafuta cha meno 19. Ukiacha hivyo hivyo, mshale ukisoma 80 wewe uko karibu 84, na kilomita za kumwaga oili zinahesabiwa pungufu.

Kuhakiki: spidomita nyingi za kebo za Kijapani hutaka mizunguko 637 kwa kilomita. Chomoa kebo nyuma ya saa, bandika kikaratasi kwenye ncha ya waya wa ndani, sukuma gari mita 20 bila kukata kona. Kizunguke mara 12 na robo tatu hivi.

Kigia cha plastiki kikikatika meno, usikimbilie kuweka kingine. Zungusha kwanza waya wa kebo kwa vidole. Ukiwa mzito, hata kipya kitakatika. Plastiki imewekwa makusudi, ife yenyewe hesi ya chuma ipone. Kebo isipinde kwa ukali kuliko duara la nusu kipenyo cha sentimita 15, la sivyo mshale hutetemeka. Grisi isifike sentimita 20 za juu. Na sili ya kigia, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke, ambayo wengi huirudisha ile ile kuukuu, ibadilishwe kila kigia kinapotolewa: ikivuja, mafuta hupanda na waya unaozunguka hadi ndani ya saa, na hapo ndipo saa inaharibika kweli.

Mafundi magari,
Isevya, Tabora