Wauguzi wa Khedive Ismail wakumbukwe Kilindini

Mhariri,

Jumapili iliyopita jioni nilikuwa nimekaa kwenye bustani ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, na wajukuu wangu wawili, tunakula mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, meli ya makontena ikapita mbele yetu ikitoka bandarini. Ilipita karibu hata yule mdogo akawapungia mkono mabaharia, na mmoja wao akamrudishia. Akaniuliza, "Bibi, wanakwenda wapi?" Nikamwambia Colombo. Safari ya meli ile siijui. Jina hilo lilinitoka lenyewe, maana Februari iko mlangoni, na kila Februari ikikaribia ninawawaza wanawake waliopita mkondo huohuo mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakielekea Colombo, wasifike.

Meli yao iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari ikiwa katika msafara wa meli za kubeba wanajeshi. Ndani yake walikuwamo watu 996 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, maafisa na askari, pamoja na mamia ya wanamaji wa Uingereza. Walikuwamo pia sista wa hospitali za kijeshi zaidi ya 50 na metroni wao, wanawake 19 wa jeshi la wanamaji waliojulikana kama Wren, na 9 wa kikosi cha usafiri cha wanawake, FANY.

Jumamosi tarehe 12, saa nane na nusu mchana, walipokuwa karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliwapiga kwa topido mbili. Hata dakika tatu hazikutimia, meli ikawa imekwenda chini. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha, na abiria wengi walikuwa ndani kwenye tamasha la muziki.

Mhariri, mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekaa wodini miaka 31, na hapo kwenye tamasha ndipo moyo wangu unapokwama kila mara. Saa ile naijua. Ni saa ya muuguzi aliyepata mapumziko kwa nadra: viatu umevivua chini ya kiti, miguu imevimba, saa ya kifuani umeigeuza usiione, na mwenzako amekuegemea bega. Wale walikuwa wanakwenda kuwahudumia majeruhi wa vita vya Burma, kazi ambayo isingewapa tena mchana kama ule. Ngazi zilikuwa chache, na maji yaliingia kabla watu hawajajua wakimbilie wapi.

Waliobahatika kuibuka juu walikuta janga jingine. Nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, na manowari za ulinzi zikalazimika kuitupia mabomu ya kulipuka chini ya maji hali watu wangali majini wameshikilia mbao. Nyambizi ilizamishwa mwishowe. Katika watu 1,511 waliokuwa melini walikufa 1,297. Wanawake waliokufa ni 77, waliookoka 6 tu. Majeshi ya Jumuiya ya Madola hayajawahi kupoteza wanawake wengi kiasi hicho katika tukio moja.

Yupo atakayesema: hao ni wazungu, walikuwa watumishi wa mkoloni, wanatuhusu nini? Nimeambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu, na uchungu wao ninaufahamu. Lakini vijana wetu walizama pamoja nao, katika vita ambavyo wao pia hawakuvianzisha. Na sista ni sista. Mtu aliyeichagua kazi ya kumwosha mgonjwa na kukesha naye, kisha akafa njiani akiiendea, siwezi kumuuliza kabila lake kabla ya kumwombea.

Majina yao yametawanyika. Mengine yako Uingereza. Ya baadhi ya waliozama yako Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road. Hapa Mombasa tunazo sanamu za askari pale barabara ya Jomo Kenyatta, Nairobi wana zao, Dar es Salaam wana yao. Zote nimezitazama, na ninafurahi zipo. Zote ni za wanaume. Msichana wa shule akipita hapo hataona chochote cha kumwonyesha kwamba kuna mwanamke aliyewahi kuondoka pwani hii kwenda vitani asirudi.

Ombi langu kwa Kaunti ya Mombasa na kwa Makavazi ya Kitaifa ni jiwe moja. Liwekwe Mama Ngina, chini ya mmoja wa ile mibuyu inayotazama mkondo, mahali ambapo kila meli inayotoka Kilindini haina budi kupita. Liandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza jina la meli, tarehe, idadi ya askari na idadi ya wanawake. Halihitaji mnara wala chemchemi. Fundi wa mawe wa hapa hapa anaweza kulimaliza kwa wiki chache.

Tarehe 12 Februari, saa nane na nusu mchana, nitakuwa pale na wauguzi wenzangu wastaafu. Tutasimama kimya dakika mbili, kisha tutayasoma majina ya wanawake wote 77, moja baada ya jingine. Tunamkaribisha yeyote atakayependa kusoma nasi.

Muuguzi mstaafu,
Mombasa