Barua ya wazi kwa halmashauri ya parokia: anzeni na wasiokuwepo

Wapendwa wajumbe wa Halmashauri ya Parokia, wanakwaya, wasomaji, wahudumu wa Komunyo, nanyi vijana mnaotumikia altareni,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimesikia mnaandaa mpango wa kuihuisha parokia, na mapendekezo ni mengi: kongamano, semina, kamati mpya ya uinjilishaji, sare za kwaya, vipaza sauti. Sina ugomvi na hata kimoja. Lakini nimekwisha kuona mipango ya namna hiyo ikizinduliwa kwa shangwe na kuzimika kimyakimya kabla Kwaresima haijafika. Naamini inazimika kwa sababu tunautafuta utume, yaani kazi ya kuwaendea watu, pembeni ya Misa, Misa ikawa shughuli yake na utume shughuli yake. Nivumilieni basi, wanangu, niseme langu moja: kazi yenu ianzie Dominika, yaani Jumapili, na hiyo Dominika ianzie kwa wale ambao hawapo.

Mtakatifu Yustino Mfiadini, akimwandikia Kaisari Antonino Pio kutoka Roma yapata mwaka 155, alieleza Wakristo wanavyofanya siku hiyo. Wa mjini na wa mashambani hukusanyika mahali pamoja. Husomwa kumbukumbu za Mitume au maandiko ya Manabii kadiri muda unavyoruhusu, kisha anayeongoza huwahimiza kuyaishi waliyoyasikia. Husimama wote kusali. Huletwa mkate, divai na maji, kiongozi hushukuru, watu huitikia Amina. Ni Misa yetu hii hii, na kila nikiyasoma maneno hayo mwili unanisisimka. Lakini Yustino haishii hapo. Wasiokuwepo, anasema, hupelekewa Ekaristi na mashemasi. Wenye nacho hutoa kwa hiari yao, na kilichokusanywa huwasaidia yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Yote hayo anayasimulia kwa pumzi moja, kama sehemu ya ibada ile ile.

Sasa niwaulize: Dominika iliyopita nani hakuwepo? Msinipe idadi, nipeni majina. Tukiuliza sadaka ilikuwa kiasi gani, jibu linapatikana papo hapo mpaka senti ya mwisho. Tukimuulizia yule mzee aliyezoea benchi la tatu chini ya sanamu ya Mama Maria, watu wanatazamana. Linaniuma sana hili.

Na si waliotoweka tu. Kuna waliokuja na hawakuonekana. Nilimwona mama mmoja mgeni, amempakata mtoto, amekaa karibu na nguzo ya nyuma. Wakati wa kutakiana amani aligeuka huku na huku akinyosha mkono. Jirani yake akamgusisha ncha za vidole, macho yake yakiwa kwenye simu. Misa ilipokwisha alisimama mbele ya ubao wa matangazo muda mrefu kuliko matangazo yenyewe yalivyohitaji, akingoja labda atatokea wa kumsemesha. Kila kundi lilikuwa na watu wake na mazungumzo yake. Akamfunika mtoto vizuri, akaenda zake. Kwa mama yule, parokia nzima ilikuwa ni zile ncha za vidole. Kwa hiyo wapokezi wa mlangoni msiwachague kwa kuwa wana nafasi tu. Chagueni wenye kumbukumbu ya nyuso na moyo wa kuuliza jina.

Kuhusu Neno. Tangu mwaka 1969 Kanisa limetupa mpangilio wa masomo wa miaka mitatu, A, B na C, ili tuyasikie Maandiko kwa wingi zaidi, kama Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, ulivyotaka. Halafu msomaji anashikwa mkono sakristia, chumba cha maandalizi, dakika tano kabla ya Misa, anapanda mimbari, anafungua ukurasa wa mwaka usio wake, anakwama kwenye majina ya Kiebrania, na Isaya anapita bila kusikika. Msomaji apewe somo lake wiki nzima kabla, alisome nyumbani kwa sauti na kulisali. Baba Paroko naye, kwa heshima zote, nitamkumbusha kwamba Papa Fransisko alitumia kurasa nyingi za waraka wake Evangelii Gaudium (Furaha ya Injili), mwaka 2013, kuongelea mahubiri na maandalizi yake, na Juni 2024 akasema yasizidi dakika nane. Matangazo nayo yapunguzwe. Hilo halihitaji maelezo.

Maombi ya waamini msiyanakili kila wiki kutoka kijitabu kile kile. Waombeeni wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, mkiwataja kwa majina, mwombeeni aliyefiwa wiki hii, aliyefukuzwa kazi, wale vijana wanaotaka kufunga ndoa. Kisha nyamazeni kidogo. Konstitusio ya Liturujia, hati ya Mtaguso ule kuhusu ibada, ya mwaka 1963, ilipohimiza waamini washiriki kwa itikio, nyimbo na ishara, ilihimiza pia kimya kitakatifu kwa wakati wake, lakini sisi kila pengo tunalijaza kinanda.

Jambo ninalolitamani kuliko yote ni hili. Tangu mwaka 1973, Kanisa limeruhusu walei, waamini wasio mapadre wala watawa, walioteuliwa wapeleke Komunyo kwa wagonjwa. Kwetu wahudumu hawa hutoka kwa mlango wa sakristia baada ya watu kutawanyika, kana kwamba wana jambo la siri. Naomba baada ya sala ya Komunyo, kabla ya baraka, waitwe mbele ya altare. Kila mmoja akabidhiwe chombo chake chenye Mwili wa Kristo, wagonjwa watajwe, kama wameridhia, padre awatume, nao watoke kwa mlango mkubwa, katikati yetu, tukiwa tumesimama. Watoto wataona. Watauliza wanakwenda wapi, na mzazi atakayejibu swali hilo atakuwa amefundisha katekesi nzuri kuliko semina yoyote. Sisi wengine, tukipokea baraka na kuambiwa twende, tutajua tunaifuata njia ile ile, kila mtu kwa mlango wa jirani yake.

Msiisahau Misa ya Jumamosi jioni. Sheria ya Kanisa inaihesabu kuwa inatimiza wajibu wa Dominika, ila sisi tumeifanya Misa ya haraka haraka, haina kwaya, haina mpokezi. Walio wengi pale ni wauguzi, walinzi na madereva ambao kesho yake alfajiri wako kazini. Wapeni wimbo angalau wa mwanzo na wa Komunyo.

Mtaniambia watu wamepoa, hata tukipanga vizuri hawatakuja. Mwaka 304, Kaisari Dioklesiano akiwa amepiga marufuku mikutano ya Wakristo, waamini 49 wa Abitene, Afrika ya Kaskazini, walikamatwa kwa sababu ya kukusanyika nyumbani kuadhimisha Dominika. Walipohojiwa kwa nini wameasi amri, jibu lao lilikuwa kwamba bila Dominika hawawezi kuishi. Hawakuwa na kanisa la mawe wala ratiba iliyochapwa. Walichokuwa nacho ni Bwana kati yao na wao kwa wao, wakijuana. Aliyepoa hapashwi moto na tangazo. Anahitaji mtu aliyegundua kwamba hayupo.

Basi kikao chenu kijacho, kabla ya bajeti na kabla ya sare, kila jumuiya na kila chama cha kitume kilete majina ya wasioonekana Misani. Yagawaneni hapo hapo. Nendeni wawili wawili kama Bwana alivyowatuma wanafunzi. Daftari la michango liacheni nyumbani, na asiulizwe mtu anadaiwa zaka ya miezi mingapi. Wapo walioacha kuja kwa sababu hiyo hiyo. Ulizeni hali, sikilizeni, salini pamoja nao wakiridhia, na akiwepo mgonjwa mpelekeeni Baba Paroko jina lake siku ile ile. Nami nipangieni wa kwangu, ila wawe wa karibu, maana miguu siku hizi inataka kubembelezwa.

Mimi mzee wenu katika Kristo.