Mdogo wangu, usibaki huko peke yako

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Najua siku hizi salamu hii huiitikii, lakini nakusalimu hivyo hivyo.

Nimesikia umeacha kwaya, na hata kuomba umeacha, ukisema: "Nitamwambia Mungu nini tena?" Neno hilo limeniuma, kwa sababu niliwahi kulisema mimi.

Hujui kwamba nilipokuwa mweka hazina wa vijana kanisani nilikula fedha zao. Nilianza kwa kujikopesha kidogo, nikaandika deni kwa penseli ukurasa wa mwisho wa daftari. Mwezi wa tatu nikachukua kifutio. Mpaka leo naona yale mabaki meusi ya kifutio juu ya karatasi, nami nayapuliza. Jioni ile ile niliongoza maombi, watu wakalia machozi.

Siku nilipoungama mbele ya wazee nilidhani imani yangu imekufa. Kumbe kilichokufa ni sifa. Nilikuwa naomba ili nionekane mwombaji. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, niliomba bila kupamba: "Bwana, mimi mwizi." Kulipa kulinichukua karibu mwaka mzima, na wapo ambao hawajaniamini mpaka leo. Wana haki yao.

Soma Luka 22:32 polepole. Kabla jogoo hajawika, Yesu anamwambia Petro: "nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Tazama neno lenyewe, utakapoongoka. Hakusema ukiongoka. Na alikuwa ameshamwombea. Petro alimkana Bwana wake akiota moto wa makaa (Yohana 18), na Yesu aliyefufuka akamngojea ufukweni penye moto wa makaa (Yohana 21). Nadhani harufu ile ilimchoma moyo. Lakini hapo hapo aliulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, na mara tatu akakabidhiwa kondoo.

Yuda, aliyemsaliti Yesu, naye alijuta. Alirudisha hata vile vipande 30 vya fedha, kisha akaenda zake peke yake. Hapo ndipo ninapokuhofia, mdogo wangu. Dhambi yako hainitishi. Huko kujitenga kwako ndiko kunakoninyima usingizi.

Jumapili nitakupitia mapema. Tutakaa viti vya nyuma kabisa. Ukishindwa kuimba, nyamaza tu, nitaimba mimi.

Kaka yako