Amekula kuku kwa mdogo wake, sasa anataka eafraya

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa na robo usiku, nimekaa jikoni taa nimezima, naandika kwa mwanga wa simu ili yule bwana asije akaamka na kuuliza nafanya nini. Usingizi umenikataa tangu wiki iliyopita. Naomba usinitaje jina wala usiseme natoka wapi, kwa sababu mawifi zangu wanakusoma.

Swali langu ni dogo. Hii eafraya, ile mashine ya kupikia kwa hewa ya moto badala ya mafuta mengi, inafaa kununuliwa kwa mapishi ya nyumbani, au watu wanafuata mkumbo tu? Basi. Ungeweza kunijibu kwa mstari mmoja nikaenda kulala. Lakini nitakueleza ilivyokuwa, maana usipojua ilivyokuwa utanijibu kama wanavyonijibu wote, eti mama usiogope vitu vipya. Siogopi vitu vipya. Blenda humu ndani nililileta mimi.

Mambo yalianza Jumapili ile tulipokwenda kwa mdogo wa mume wangu. Wale wako wawili tu, mume na mke, na jiko lao linang'aa kama halijawahi kupikiwa. Mkewe akachomoa kile kidroo cheusi, ndani vipande vinne vya kuku vimekaa mbalimbali kama wageni wasiojuana. Mume wangu akauma ngozi, ikalia kra. Akafumba macho. Halafu akasema, tena mbele ya watu, "Leo ndio nimekula kuku."

Shangazi, miaka 23. Miaka 23 namkaangia kuku mtu huyu.

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Mke wa shemeji akanitupia jicho la huruma, na hilo jicho liliniuma kuliko maneno yenyewe. Njia nzima ya kurudi mwenzangu anazungumzia mashine, lita ngapi, wati ngapi, rangi gani. Kufika nyumbani akavua viatu na kusema daktari naye atafurahi.

Hapo kwa daktari nieleze kidogo. Ni kweli alipimwa, ni kweli lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, imepanda. Aliambiwa apunguze vya kukaanga, apunguze nyama za mafuta na atembee kila siku. Katika hayo matatu ameshika moja tu, lile linalotoka kwenye mikono yangu. Kutembea sijamwona akitembea, labda kutoka kwenye kochi kwenda kwenye friji.

Na usidhani mimi ni mtu wa kuogesha chakula kwenye mafuta. Mafuta yangu nayajua. Nachovya kijiti cha mbao, vipovu vikianza kupanda kandokando yake ndipo natia kuku. Chakula kikiingia kwenye mafuta yasiyopata moto ndipo kinakunywa. Mafuta yakiwa tayari, unyevu wa chakula unatoka kwa nguvu na kuyazuia yasiingie ovyo. Mengi yanaingia baada ya kuepua, chakula kikianza kupoa, ndiyo maana mimi naepua, nakung'uta na kuweka kwenye wavu, siyo kulundika kwenye sahani kama wengine. Haya hakunifundisha mtu. Sikatai kwamba mafuta yanabaki. Sikatai pia kwamba nachuja mafuta yale yale na kuyarudia mara tatu. Sawa, mara nne mwezi huu. Lakini mtu akila kwako miaka 23 na kuongeza sahani, halafu siku moja aseme leo ndio amekula, hapo kabla alikuwa anakula nini?

Kijana wangu wa pili, anayesoma mambo ya umeme, alinionea huruma akakaa nami na simu yake. Akaniambia mama, hicho kitu hakikaangi. Ni oveni ndogo yenye feni kali. Koili iko juu, feni inasukuma hewa ya moto izunguke kwa kasi ndani ya nafasi ndogo, ngozi inakauka juu upesi na kuwa ya kahawia. Wale wa kampuni ya Philips waliizindua pale Berlin mwaka 2010. Mwaka 2010, Shangazi! Nimeolewa kitu hicho hakijazaliwa.

Lakini lililonichoma ni hilo neno oveni. Kwa sababu oveni ninayo. Iko chini ya jiko letu, na mpira wa mlango wake umekufa tangu mwaka juzi, mlango haufungi mpaka nisogeze kiti niuegemeze. Joto lote linaishia kwenye magoti yangu. Nimeomba mpira. Mpira tu, Shangazi, huo utepe wa kuzunguka mlango. Nikikumbusha naambiwa tutaangalia. Miaka miwili tunaangalia. Eafraya imeonwa Jumapili, Jumanne ameshachagua rangi. Nyeusi.

Hebu sasa tuzungumzie kitu chenyewe, nisije nikaonekana nina kisirani. Sisi tuko saba ndani ya nyumba pamoja na mama mzazi wa mume wangu. Aliyoipenda mume ni ya lita nne, kama ya mdogo wake. Ile inatosha watu wawili, watatu wakivumiliana, kwa sababu vipande havitakiwi kupandana, hewa ipite kati yake. Kwa saba nahesabu mizunguko mitatu ya dakika 20, saa nzima nimesimama nageuza na kutikisa kikapu. Wa kwanza wameshanawa mikono, wa mwisho bado wananusa. Kwa wati 1,500 saa hiyo ni uniti moja na nusu ya umeme, tuseme pungufu kidogo kwa sababu joto likifika mashine hujikata na kuwaka tena. Kuna kubwa zaidi, najua, na zenye droo mbili. Lakini hiyo kubwa itakaa wapi? Inataka nafasi nyuma yake ipumulie, na jikoni kwangu soketi ni moja na friji ndiye mwenye nyumba.

Utasema nimefanya utafiti mwingi kwa mtu asiyetaka. Ndiyo, basi nikwambie.

Wiki iliyopita, Jumatano, niliiazima kwa jirani. Mama wa mlango wa pili, mtu mzuri, hakuuliza swali, akanipa na kijitabu chake. Mume alikuwa kazini, mama mkwe amelala. Nilifunga mlango wa jikoni kama mwizi. Soketi nikawa sina, nikachomeka kwenye ekstensheni ile nyembamba ya redio. Baada ya muda nikaishika waya, ya moto kama kikombe cha chai. Nikaizima, nikachomoa friji, nikaichomeka ukutani moja kwa moja. Kijana wangu angejua angenigombeza.

Mara ya kwanza nilijaza kuku wote pamoja, mazoea ya sufuria. Wakatoka weupe, wamejaa majimaji, kama waliooga na kusahau kujifuta. Nikacheka peke yangu, nikasema na huyu naye ndiye kuku wa kufumba macho? Mara ya pili nikaweka vichache, nikavifuta vikauka kabisa, mafuta kijiko kimoja cha chai nimepaka kwa vidole, nyuzi 190. Kilipolia nikavuta droo. Ngozi ilikuwa imevimba kidogo, ina vidoa vya kahawia, na chini ya kikapu yametiririka mafuta ya kuku mwenyewe, karibu robo kikombe. Nilisimama nikiyatazama yale mafuta. Na mimi juu ya hayo huwa naongeza mengine.

Nikala kipande nimesimama, nimeegemea sinki. Kilikuwa kitamu. Nakuambia wewe tu.

Viazi navyo nilivikata, nikaviloweka nusu saa wanga utoke, nikavikausha kwa taulo, vikatoka vizuri, ingawa siyo kama vya mafuta, nani anadanganya nani. Ndani vinakuwa vikavu kidogo. Samaki wa kuchovya kwenye unga wa maji usimwombe adui yako. Ule unga ulidondoka kupitia matundu ya kikapu, ukaganda chini, samaki akabaki uchi.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo usingizi wangu ulipopotelea. Jioni niliwapakulia wale kuku. Sikusema neno. Nimewapanga kwenye sahani ileile ya kila siku, na wavu nimeuweka karibu na jiko ionekane kama kawaida. Wanangu wakala, binti akaongeza. Mume akala vipande viwili, macho kwenye simu, kisha akajifuta vidole na kuniambia, "Kuku wako hawa wa mafuta ndio daktari alionikataza."

Shangazi! Walikuwa wametoka kwenye mashine! Mashine ileile, ya lita zilezile! Na ngozi ililia kra, niliisikia mimi niliyekaa upande wa pili wa meza.

Nilitaka kusema. Maneno yalifika hapa kooni. Lakini nikisema, nimekubali kwamba niliiazima kwa siri, kwamba nilienda kuomba kwa jirani kitu ambacho mume wangu anataka kuninunulia na mimi nakikataa mbele ya watoto. Nikinyamaza, nimebaki mke wa kuku wa mafuta. Nikanyamaza. Nikatoa vyombo.

Na ni kwa hasira hizo nilizotoka nazo mezani ndipo nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Ule unga wa samaki ulikuwa umekauka kwenye kikapu cha jirani. Nikachukua steelwire, ile ninayosugulia masufuria, nikasugua. Nilisugua, Shangazi, huku nasema moyoni leo ndio nimekula kuku, leo ndio nimekula kuku. Nilipokuja kusuuza, ile rangi nyeusi ya ndani isiyoshika chakula ilikuwa imechanika, mistari mistari, pengine bati linaonekana. Kijitabu nikakisoma baada ya hapo. Ukurasa wa tatu, kwa herufi nene: usisugue kwa chuma. Tumia sifongo laini, loweka kwanza.

Nimeifunga kwenye kanga, iko chini ya kitanda cha mama mkwe, ambaye anadhani ni redio.

Kwa hiyo unaona mtego wangu. Ya jirani nitalipa, hilo halina mjadala, iwe kikapu chake peke yake kama kinapatikana au mashine nzima. Akiba yangu ninayo, ndiyo ile niliyokuwa naikusanyia mpira wa oveni na fundi wake. Sasa mume naye anataka kununua. Nikimkubalia anunue, naweza kumpa jirani hiyo mpya na sisi tukabaki na hii iliyochubuka, kikapu nikakiwekea karatasi ya kuokea. Lakini atashangaa mpya imepata wapi mikwaruzo siku ya kwanza. Nikimkatalia, nitamnunulia jirani kwa siri, halafu nyumba yangu ndiyo isiwe nayo, na mimi nimeshaonja. Unanielewa? Sitaki aniletee hiyo mashine. Lakini nikisikia jirani anafungua mlango wake jioni, nanusa.

Na kama ni afya, mbona tusiseme ukweli wote? Kuku akitoka mle ana mafuta machache, nimeyaona kwa macho yangu kwenye droo, sibishi tena. Ila mume anadhani akishaimiliki atakula viazi kila siku kwa sababu "havina mafuta". Binti yangu anasema viazi vikiungua hadi kahawia iliyokolea vinatengeneza akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, iwe kwenye mafuta, oveni au hiyo eafraya, eti Waswidi waliigundua kwenye vyakula mwaka 2002. Nilimwambia baba yake mezani. Akasema nyinyi mmeungana.

Sijaungana na mtu. Ningeungana na nani? Mama yake mwenyewe, juzi, alipoona mwanawe anatafuta bei, aliniita chumbani akasema, "Mwanangu, mwache anunue, wanaume wakizeeka hutaka vitu vyenye vitufe." Nikacheka mpaka nikatokwa na machozi, halafu machozi yakaendelea.

Nijibu basi. Familia ya watu saba, soketi moja, mtu mwenye lehemu, oveni ambayo mpira wake ni kitu kidogo tu: inunuliwe au isinunuliwe? Na ikinunuliwa, iwe ya lita ngapi? Na je, nimwambie kwamba wale kuku wa Jumatano walikuwa wa mashine? Au hilo nilinyamazie? Kwa sababu nikikuambia kweli, sijui kama nataka ajue nilipika vizuri au nataka tu alirudishe lile neno lake. Hata nusu. Hata aseme na wako nao walikuwa kuku.

Ukinijibu, usiandike habari za kikapu. Jirani amenigongea leo jioni, kwa adabu zake, akauliza kama nimemaliza. Nimemwambia bado kidogo, kuna viazi.

Wako,
Mama wa Kuku wa Mafuta