Kwa Mwanaidi, kuhusu kaka Salimu

Vwawa, Mbozi

Mwanaidi mpendwa,

Habari za Tanga? Huku baridi inatutafuna. Pole sana kwa kifafa cha kaka Salimu, na hivyo vifuko vya tegu, mnyoo wa nguruwe, kichwani mwake. Lakini nilipofika pale kwenye barua yako uliposema mama halali, anaogopa watu watasema mwanawe alikuwa akila kitimoto huku Mbozi, nikaona hili silinyamazii.

Mwenzangu, anayekula nyama ya nguruwe yenye lava, yaani tegu wachanga, tena haikuiva, anapata tegu tumboni. Vifuko vya kichwani vinatokana na kumeza mayai ya tegu, na mayai yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mpishi akitoka chooni asinawe, akakukatia kachumbari, basi tena, uwe unafunga Ramadhani au hufungi. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliandika habari za Wayahudi wa Brooklyn, watu wasiomgusa nguruwe kabisa, waliokutwa na vifuko hivyo ubongoni. Shaka ikawaangukia wasaidizi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu. Salimu amefundisha huku miaka na miaka, akila kwa mamantilie kama sisi sote. Mama umsomee hapo.

Mimi na kazi yangu hii ya mifugo naviona vifuko vyenyewe: vyeupe, vina maji, vimejipanga ndani ya nyama kama punje za mchele. Wanunuzi wanavijua. Nguruwe analazwa, ulimi unavutwa kwa kitambaa, wanapapasa upande wa chini. Wakikuta vinundu, bei inashuka. Inashuka tu, Mwanaidi! Jioni yuko kwenye karai. Na huku nguruwe wanazurura, na wapo wanaojisaidia vichakani, wapi mayai yatakosa pa kwenda?

Hao wanaosema ni majini waache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwenye maeneo yenye tegu, karibu asilimia 30 ya kifafa inatokana na mdudu huyu.

Ila asije mtu akamnunulia albendazole, ile dawa ya minyoo, duka la dawa. Vifuko vikifa kwa pamoja ubongo unavimba, ndiyo maana daktari hupima kwanza kwa picha, kisha huambatanisha dawa ya kutuliza uvimbe. Za kifafa asikatishe hata akijiona mzima.

Akianguka msiogope kumgusa, mate hayaambukizi. Mlazeni ubavu, na kile kijiko mnachomtia mdomoni kirudisheni jikoni. Niandikie picha ya kichwa imeonyesha vifuko vingapi.

Wako,
Tumaini