Mbegu haihitaji mwanga ili iote: chati za darasa la awali zirekebishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie chati zinazobandikwa kwenye kuta za madarasa ya awali na darasa la kwanza. Zipo ambazo zina jua kona ya juu, keni ya kumwagilia, rundo la udongo, na chini yake maandishi: "Mahitaji ya mbegu ili iote: maji, hewa, mwanga, mbolea." Watoto huyaimba, na mtoto akishaushika wimbo kuutoa ni kazi. Nusu ya orodha hiyo si kweli.

Harage likifukiwa sentimita 3 ardhini liko gizani, na linaota. Linachotaka ni maji, hewa na joto la kutosha, basi. Mwanga na virutubisho vya udongo ni mahitaji ya mche, baada ya majani kutoka. (Zipo mbegu chache ndogo zinazotaka mwanga ili ziote, kama za saladi, lakini hizo tuwaachie wa sekondari.) Hatua hizi mbili zikichanganywa mapema, huyohuyo mtoto akifika darasa la sita ataandika kwamba mbegu inakula mbolea.

Mtoto wa miaka mitano apewe harage mkononi kabla ya kupewa orodha. Hapo kosa la kwanza hufanyika dukani. Mwalimu mwenye nia njema huenda duka la pembejeo akitafuta mbegu bora. Mbegu za huko mara nyingi zimepakwa dawa ya kuvu na wadudu, ndiyo maana zina rangi nyekundu, kijani au bluu. Ni sumu, na hazifai kabisa kwa watoto ambao vidole vyao haviishi kuingia mdomoni. Nunua maharage ya kula sokoni, ya mavuno ya karibuni, yasiyotobolewa na wadudu. Ukiwa na shaka, weka 10 kwenye kitambaa chenye unyevu. Yakiota 8 au zaidi yanafaa. Kunde ni nzuri pia kwa wasio na subira: penye joto la Pwani huchomoza siku ya tatu au ya nne, wakati maharage huchukua kama wiki moja.

Loweka usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Yakikaa majini siku mbili yanakosa hewa na kuanza kuoza. Asubuhi kila mtoto apewe lake. Atafute kovu, ile alama ndogo ubavuni ambapo harage lilikuwa limeshikamana na mmea mama. Akilibana taratibu, tone la maji hutoka kwenye kitundu kidogo sana kando ya kovu hilo. Kisha amenye ngozi na kutenganisha vipande viwili. Ukingoni mwa kipande kimoja amelala mmea mzima: ncha ya mzizi, na vijani viwili vyeupe vilivyokunjwa, vyenye mishipa inayoonekana bila kioo cha kukuzia. Vile vipande vinene ni akiba ya chakula chake. Mtoto aliyeona hivyo hatauliza tena mbegu inakula nini chini ya udongo.

Njia ya pamba kwenye glasi wengi wanaijua, na wengi wanaikosea. Pamba ikilowa chepechepe hewa haipiti, harage linaoza, darasa linanuka, na watoto wanaambiwa mbegu ilikuwa mbaya. Haikuwa mbaya, ilizama. Chukua chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa juu, zungushia kitambaa cha pamba kwa ndani, kisha jaza katikati gazeti la jana lililofinyangwa (utuwie radhi, Mhariri) ili kitambaa kibane. Penyeza maharage kati ya kitambaa na plastiki, katikati ya kimo cha chupa. Chini yawepo maji ya sentimita 1 tu. Kitambaa kitavuta yanayotosha. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili, na harage lenye ukungu mweupe litolewe siku hiyohiyo kabla halijaambukiza mengine.

Harage moja kovu litazame juu, jingine chini, jingine pembeni. Mizizi yote itaelekea chini. Ndipo umwage maji yaliyobaki na kuilaza chupa ubavu hadi kesho yake: ncha za mizizi zitakuwa zimepinda upya kufuata chini mpya. Hili halihitaji maelezo mengi. Waache wabishane wenyewe.

Baada ya hapo ndipo wimbo wa chati ujaribiwe kwa makopo manne, maharage matano kila moja. La kwanza lina udongo mkavu. La pili lina udongo wenye unyevu na linakaa dirishani. La tatu ni kama la pili ila limefungiwa ndani ya boksi. La nne halina udongo: maharage yamezamishwa kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, na juu pamemiminwa mafuta ya kupikia kuzuia hewa. La kwanza na la nne hayataota. La pili na la gizani yataota yote mawili.

Jihadhari na kopo la gizani. Wiki ya kwanza baada ya kuchomoza miche yake itakuwa mirefu kuliko ya dirishani, na darasa zima litahitimisha kwamba giza linakuza. Mwalimu akilifunga jaribio siku hiyo, amefundisha kinyume. Waangalie rangi: shina ni la manjano na jembamba, majani madogo. Mche unatumia akiba yake kurefuka ukitafuta mwanga, na akiba ikiisha unalala. Liache hadi wiki ya tatu.

Kwa upandaji wa udongoni, changanya udongo wa juu sehemu mbili, mchanga sehemu moja na samadi iliyooza kabisa sehemu moja. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kopo litobolewe matundu manne au matano chini, na mtu mzima. Udongo wa mfinyanzi mtupu hukauka na kufanya gamba. Harage hutoka likiwa limeinamisha shingo, likivuta vile vipande viwili nyuma yake, hivyo kwenye gamba gumu shingo hukatika. Hindi hupenya kwa urahisi zaidi kwa kuwa punje yenyewe inabaki chini na kutuma ncha iliyochongoka tu. Panda yote mawili pembeni kwa pembeni waone.

Kumwagilia kuwe kwa zamu, mtoto mmoja kwa siku. Wakimwagilia wote arobaini, umekwisha. Kipimo ni kidole hadi pingili ya kwanza: udongo ukinata, leo hakuna maji.

Watoto watafukua mbegu kutazama kama zimeota, na kuwagombeza hakusaidii. Panda 10 za kufukuliwa kwenye beseni. Kila siku ifukuliwe moja, ioshwe, ibandikwe kwa selotepu kwenye karatasi ndefu, ya jana kando ya ya leo. Urefu wa mche upimwe kwa kukata ukanda wa karatasi unaolingana nao, maana rula bado ni ngumu kwao.

Kuhusu mbolea kuitwa chakula cha mmea, walimu wenzangu wakumbuke jaribio la mwanasayansi wa zamani, Jan Baptist van Helmont, lililochapishwa mwaka 1648. Alipanda mti wa kama kilo 2 kwenye udongo wa kama kilo 90 alioukausha na kuupima, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti ulifika takriban kilo 77, udongo ukapungua gramu 60 hivi. Yeye alidhani yote yametokana na maji. Mchango wa hewa katika kuujenga mti hakuujua. Lakini kwamba mti hauli udongo, hilo lilishaonekana tangu enzi hizo.

Usalama nao usipuuzwe. Hesabu maharage kabla na baada ya somo: harage lililosukumwa puani huvimba kwa unyevu na kutoka kwa shida, na mtoto apelekwe kituo cha afya badala ya kuchokonolewa. Maharage mabichi yaliyolowekwa yasitafunwe, hasa mekundu, maana yana sumu ambayo huharibiwa kwa kuchemshwa vizuri. Watoto wakitumwa kuokota mbegu, waonywe kuhusu mbarika na vile vipunje vyekundu vyenye doa jeusi vya mturituri. Vinapendeza, na vinaua.

Wachapishaji wa chati watenganishe michoro: mmoja wa mbegu chini ya udongo, wenye maji, hewa na joto, wa pili wa mche wenye majani, hapo ndipo jua liingie. Na shule inayotaka watoto wavune kabla ya kufunga isianze na maharage, yanayotaka miezi miwili hadi mitatu. Isie mchicha, kina kisichozidi sentimita 1, ambao huchumwa ndani ya wiki nne.

Wako,
Mwalimu wa sayansi, shule za msingi
Morogoro