Mnaoongeza spidi za bunduki za vigololi, miwani kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu, na wazazi wanaotuletea kazi. Mimi ni fundi redio hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kwa miaka miwili hivi meza yangu imekuwa ikipokea bunduki za kuchezea, zile za betri zinazorusha vigololi vya plastiki vya milimita 6. Kila kijana anakuja na ombi moja: "Fundi, niongezee spidi," yaani itoe vigololi vingi zaidi kwa sekunde.

Wengine wameshajaribu nyumbani. Wanatoa betri ya volti 7.4, wanaweka ya 11.1, basi. Siku mbili tatu ni furaha tupu, kisha unabaki mlio wa krrr na kigololi hakitoki. Nikifungua gia boksi nakuta meno ya pistoni yamesagika, yamekuwa unga uliochanganyika na grisi. Gia ya mwisho huvuta pistoni nyuma na kuiachia, springi ikaisukuma mbele ipulize kigololi. Mota ikizidi mbio, gia inarudi kabla pistoni haijafika mbele, inaidaka njiani. Plastiki itashindana vipi na chuma?

Dawa ipo. Nachonga meno mawili ya mwisho ya gia hiyo ili pistoni iachiwe mapema na iwahi kurudi. Nguvu ya kigololi inapungua kidogo, lakini mfululizo unatulia. Halafu napanga washa nyembamba, vile vipete bapa, kwenye kila gia mpaka izunguke kwa kidole bila kukwaruza. Kwa washa tatu naweza kumaliza saa nzima, na naipenda kazi hiyo kuliko redio.

Ubaya ni pale watu wanapochanganya spidi na nguvu. Springi ngumu haiongezi idadi ya vigololi kwa sekunde, tena inaichosha mota. Inachoongeza ni ukali wa kila kigololi. Cha gramu 0.20 kikitoka kwa mita 100 kwa sekunde kimebeba nishati ya jouli 1. Japani, ulikoanzia mchezo huu, sheria imeweka kikomo chini kidogo ya hapo. Mimi nimefungua bunduki ya mtoto wa darasa la sita nikakuta springi nene ambayo nilishindwa kuibana kwa mikono miwili. Fundi aliyeiweka alilipwa, na mzazi alishukuru.

Naandika kwa uchungu kwa sababu ya mpwa wangu. Mwaka jana mwezi wa saba, Uyole, watoto walikuwa wakicheza nyuma ya nyumba, kigololi kikampata jicho la kushoto. Damu ilitanda ndani ya jicho, mbele ya mboni. Alilazwa kichwa kikiwa kimeinuliwa, akakatazwa hata kukimbia. Anaona, namshukuru Mungu, lakini mpaka leo akitoka juani analiziba kwa kiganja. Bunduki ile niliiongeza spidi mimi mwenyewe, mezani kwangu, na sikuuliza kama kuna miwani.

Sasa sigusi skrubu ya kwanza kabla mteja hajaweka miwani mezani, ile ya wasaga vyuma inayofunika hadi pembeni. Nikimaliza kazi naiweka miwani hiyo ndani ya boksi, naipiga kwa bunduki ileile nikiwa hatua tatu. Ikipata ufa, bunduki inabaki kwangu mpaka iletwe miwani nyingine. Vijana wananuna, wawili wameshanihama. Sawa.

Nawaomba mafundi wa Kabwe, Sokomatola, hata Makambako na Tunduma, tushike jambo hili kwa pamoja, maana mteja niliyemkatalia asubuhi jioni anakuwa kwa mwingine. Na nyinyi wazazi, mkija kuchukua bunduki msiulize bei tu. Mwambieni fundi aipige hiyo miwani mkiwa mmesimama hapo.

Fundi redio,
Mwanjelwa, Mbeya